Siku Mama Kache Alipouliza Maana ya Faktori

Pale Magongo, barabara inapokaribiana na reli, palikuwa na taruma moja kuukuu, gogo la kulalia reli, lililolazwa juu ya mawe mawili, na hilo taruma ndilo lililokuwa bunge la mtaa, mahakama yake na hospitali yake. Asubuhi Rama muuza kahawa akifika na dele lake, birika la kahawa, na makaa yake, huwakuta wenyewe wameshakaa. Wa kwanza ni Rashid, aliyebeba magunia bandarini Kilindini mpaka mgongo ukakataa. Wakimwita Kadhi kwa sababu hapana jambo chini ya jua asilolitolea hukumu. Wa pili ni Mwarandu wa reli, akitoka zamu na masizi bado yako shingoni. Huyu aliitwa Gazeti, kwani habari humfikia kabla haijatokea. Na mwisho kabisa wa taruma, upande ulioinama, hukaa Kaviha. Huyo walimwita Bama, kwa kuwa Burma ndiko Keya, jeshi la Mwingereza, walikompeleka vitani na ndiko alikorudi, mwaka ule wa kwanza baada ya vita, akiwa na sikio moja linalosikia na jingine lililokufa.

Kaviha hakuwa mwingi wa maneno. Alipofika nyumbani walimchinjia mbuzi, wakapiga ngoma, kisha kila mtu akataka asimuliwe jinsi Mjapani anavyokufa. Akakimbia nyumba akaja kukaa kijiweni. Siku hiyo ya kwanza Kadhi na Gazeti walikuwa wakibishana kama samaki hulala usingizi. Hawakumuuliza kitu. Rama alimtilia kahawa, akamwekea kikombe mkononi, na ubishi wa samaki ukaendelea. Kaviha nusura alie kwa faraja. Tangu hapo hakukosa asubuhi hata moja.

Sasa, asubuhi tunayoizungumza, aliyekuja kijiweni hakuwa mnywaji. Alikuwa mama yake Kaviha, Kache, mama mfupi wa Rabai, leso kiunoni na nyingine kichwani.

— Hodi hapa.

— Karibu, mama. Shikamoo, akasema Gazeti, akaruka kumpisha.

— Marahaba, mwanangu. Sikuja kukaa, nimekuja kuuliza. Kaa.

Lakini Kadhi alisisitiza mpaka Kache akakaa, mbali kidogo na mwanawe. Kaviha akatazama ndani ya kikombe chake. Alijua kilichomleta.

— Huyu mwenzenu, akaanza Kache, ameitwa kazi huko chini, kwenye jengo jipya la bati. Nyapara amesema afike leo kabla ya kengele ya pili, la sivyo nafasi apewa mtu mwingine. Mahali penyewe paitwa faktori. Mimi shamba nalijua. Bandari naijua. Reli naisikia kila siku. Faktori siijui. Nikiwauliza wanawake kisimani, huyu asema hivi, yule asema vile, na yote hayana uzuri. Mwanangu Mungu alinirudishia kutoka Bama. Simwingizi mahali ambapo hata jina lake sijui maana yake. Nyinyi kila siku mwanena. Nineneeni na mimi. Nikijua maana, nitatoa radhi.

Miaka yote ile watu hao walikuwa wamebishana juu ya samaki, mwezi na mkwe wa liwali, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuja kuwauliza jambo kwa haja. Kadhi alivuta kofia yake mbele. Gazeti alijifuta masizi.

— Mama, hilo dogo, akaanza Gazeti. Faktori ni karakana. Kwetu reli tunayo karakana, twatengeneza magurudumu. Faktori ni karakana iliyovaa suruali.

— Ya salaam! Kadhi akashtuka. Neno karakana lenyewe lipi? Lilitoka kwa Waajemi hilo, Wahindi wakalipakia pamoja na pilipili zao. Wamfafanulia mama neno la wageni kwa neno la wageni?

— Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hiyo yaingiaje hapa?

— Yaingia kama mgeni, Kadhi. Ikaribishe.

Kache hakucheka.

— Kama ni karakana, kwa nini wasiite karakana? Mtu abadilishaye jina, liko jambo analolikimbia.

Gazeti aliona kesi yaponyoka. Akasogea mbele.

— Basi mama, nikupe yenyewe. Zamani reli ikijengwa, palikuwa na Mpemba mmoja akiitwa Faki. Faki huyu alikuwa na toroli. La kwanza pwani yote hii! Akibebea mchanga, akibebea mawe, akibebea hata wakweze. Kila anayetaka kibarua aenda kwake. Ukimuuliza mtu, waenda wapi? Kwa Faki torolini. Waenda wapi? Faki-toroli. Faki-toroli, Faki-toroli, ulimi ukachoka njiani, ikawa faktori.

— Na toroli lenyewe liko wapi? akauliza Kadhi.

— Wazungu walilichukua pamoja na jina. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Aliyeinama ni nani hapo?

— Faki! Si ndiyo wakapata nafasi ya kumwibia?

Rama, ambaye kwa kawaida hunena kwa dele tu, alikohoa.

— Mimi nilisikia ni fakiri. Yule mtu masikini. Fakiri-tori.

— Na hiyo tori ni nini? akauliza Kache.

Rama akafikiri. Akapuliza makaa.

— Tori sikuambiwa, mama. Mimi nauza kahawa.

— Kwa hiyo mwanangu ataingia fakiri. Na akitoka, atoka nani?

— Hapo pia sikuambiwa.

Kaviha aliwatazama mmoja mmoja, na pamoja na yote moyo wake ukacheka. Wazee wazima, asubuhi ya kazi, wakichimba neno kwa ajili yake kama watu wanaochimba kisima. Hapo hapo upande wa stesheni mabehewa yakagongana, mlio mmoja mkubwa wa chuma kwa chuma, na mwili wake ukakauka. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili. Kadhi, bila sababu ya kuonekana, akapaza sauti juu ya mtaa mzima:

— Wewe Gazeti ni mwongo, na babako alikuwa mwongo, na hata Mpemba wako alikuwa mwongo!

— Babangu usimguse! Gazeti akapiga kelele vile vile. Babangu alikuwa mzee wa kanisa!

— Akidanganya mpaka kwaya!

Yakapigwa makelele mpaka mabehewa yakatulia. Kisha Kadhi akarudi kwenye sauti yake ya kawaida kana kwamba hapakuwa na kitu.

— Tuendelee, mama. Niwie radhi.

— Ninalotaka kulijua hasa, akasema Kache kwa sauti ya chini, ni lile la kisimani. Wasema faktori ni nyumba ya mumiani.

Neno hilo lilipotajwa Rama aliacha kupuliza makaa. Mumiani wakati ule hakuwa mzaha. Watu walikuwa wakisema wako watu wanaokamata wenzao na kuwakamua damu ikafanywe dawa, na kila jengo lisilo na madirisha lilishukiwa.

Gazeti angeweza kunyamaza. Lakini gazeti halinyamazi.

— Mimi sikutaka kulisema, mama. Kuna mtu Mikindani alinieleza. Asema neno lenyewe ni amri: "Ufe ukitoroka." Ufe-kitoroka. Fe-kitori. Ukishaingia, hutoki.

— Astaghfirullah! Kadhi akampiga kofi la paja. Waniua mama wa watu? Mama Kache, msikize mimi. Nilipokuwa bandarini palikuwa na karani Mhindi wa Goa, mtu mpole, msomi. Siku moja aliniambia asili ya neno hili, na wallahi siongezi chumvi. Ni neno la Wareno. Zamani Wareno walikuwa na majumba yao kwenye pwani za watu, hapa na Bara Hindi na kwingineko. Ndani ya jumba hukaa wakili wa biashara yao, apokea pembe, apokea nguo, aweka, apakia merikebuni. Nyumba ile ikiitwa kwa jina linalofanana na hili la faktori. Hakikuwa kikitengenezwa kitu. Ilikuwa ghala na wakili wake, basi. Waingereza wakalichukua neno, na baadaye walipoanza kujenga nyumba za mashine wakazipa jina lile lile.

Aliisema vizuri sana, polepole, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kijiwe kilikuwa kimepata jambo la kweli. Akakaa nyuma akingoja shukrani.

— Wareno, akasema Kache.

— Naam, mama.

— Wareno hawa wa ngome? Walioua watu na kutia wengine merikebuni?

— Hao hao, akasema Gazeti kwa furaha.

— Basi wanawake wa kisimani hawakukosea.

— Mama, ngoja! Kadhi sasa jasho lilikuwa lamtoka. Achana na Wareno. Sisi Waswahili tunalo neno letu. Kiwanda. Wazee wetu Mvita wakisema kiwanda walikusudia kiwanja, nti, ardhi tupu iliyofagiwa, mtu akaketi akafua chuma chake, akachonga, akasuka. Kiwanda ni uwanja wa kazi, mama. Hakuna la kuogofya hapo.

Uso wa Kache ulifunguka kidogo. Kiwanja alikijua. Ndipo Gazeti, ambaye Mungu alimnyima breki, akaruka juu.

— Hapana! Hapana! Kadhi, kuwanda ni nini kwa Kimvita chenu? Si kunenepa? Mbuzi aliyewanda si aliyenona?

— Kuwanda ni kunenepa, akasema Kadhi kwa shida. Hilo siwezi kulikana.

— Basi! Kiwanda ni mahali pa kuwandisha watu! Wanakuwandisha kwanza, uji kila mchana, ukishawanda vizuri ndipo mumiani aitwa! Asiyesikia la mkuu...

Kache alikwisha simama. Alikuwa akimfungia mwanawe vishikizo vya shati kama mtoto.

— Twende nyumbani, Kaviha. Ahsanteni wazee, nimesikia.

— Samahanini, akasema mtu.

Alikuwa mwanamke kijana, nguo zake za bara, leso mpya kabisa begani, amesimama na senti zake mkononi. Alikuwa amesimama hapo muda, akingoja Rama amuuzie kashata, na hapana aliyemwona kwa ubishi.

— Mimi naitwa Nyambura. Nafanya kazi hapo chini, hiyo hiyo mnasema. Nimesikia mnasaidiana juu ya huyu kaka. Mimi nauliza tu. Yeye mwenyewe anataka kwenda?

Likawa ndilo swali. Kadhi alimtazama Gazeti. Gazeti alitafuta methali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuiona. Neno walikuwa wamelipindua chini juu, kwa Kiajemi na kwa Kireno na kwa Kimvita, na hapana hata mmoja aliyemgeukia mwenye kazi. Hata mama yake. Kache akaacha vishikizo, akamtazama mwanawe usoni.

— Kaviha. Wataka?

Kaviha alitaka kusema ndiyo. Kisha akataka kusema la. Yote mawili yalikuwa kweli.

— Kazi naitaka, mama. Neno haliniogofyi, hata liwe la mumiani. Naogopa mlio. Ile mashine yao niliisikia siku nilipokwenda kuonana na nyapara. Huanza chini chini kama kitu kinachokuja, na Bama ndivyo mabomu yalivyokuwa yakianza, kabla ya... Siku moja yalianza hivyo, likaenda sikio langu hili, na wenzangu. Nyapara alinikuta langoni, nami nikageuka. Nikajiambia wewe ndiye unayenizuia. Nilifurahi uliponizuia.

Akainamisha kichwa akingoja kicheko. Mwanamume aliyepigana na Mjapani akimbizwa na mashine ya kusokota kamba! Lakini Kadhi alisogea kwenye taruma mpaka begani pake.

— Mwanangu, kwani wafikiri hatujui?

— Mwajua nini?

— Mabehewa yakigongana wakauka kama mti. Siku ya kwanza tu niliona. Nikamwambia huyu mwendawazimu, kila yakigongana, wewe nitukane, nami nikutukane, kwa sauti kubwa. Wafikiri mimi na umri wangu napenda kutukana baba wa watu?

— Na babangu hakuwa mwongo, akasema Gazeti. Nyumbani kwake Kadhi mwenyewe hulikubali hilo.

Kaviha aliwatazama. Ubishi wote ule, wa mwezi na wa mkwe wa liwali, ukampitia kichwani. Kila asubuhi watu hawa walikuwa wakimjengea ukuta wa maneno kati yake na chuma, na hawakumwambia. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. Kache naye alikuwa amemshika mkono Kadhi, mkono wa mwanamume asiyekuwa ndugu yake, na wala hakujali.

— Mungu awaweke, akasema. Mungu awaweke nyote. Kisha akamgeukia Nyambura. Mwanangu, wewe umeingia ndani. Niambie bila kunificha. Kukoje?

— Sitadanganya, mama. Mashine iko mbele, ndani ya nyumba ya bati, na inalia sana. Mimi siku ya kwanza nililia pia. Lakini nyuma ni wazi. Kuna uwanja mkubwa. Wanawake tunapiga makumbi ya nazi kwa rungu, tunachambua, na wanaume wanasokota kamba wakienda kinyumenyume hadi mwisho wa ua. Huyo nyapara anataka mtu huko nyuma. Shida ni kwamba lazima upite kando ya mashine.

— Makumbi? Kache alikuwa amepiga makumbi tangu msichana, yakishalowekwa matopeni, yeye na mama yake. Mkipiga, mwaimba?

— Wenzangu wanaimba. Mimi sijajua maneno. Wananifundisha.

Kache hakuuliza tena. Alimwomba Rama maji, akatia funda kinywani, akamnyunyizia mwanawe kifuani kama wazee wake walivyofanya, kisha akamwombea kwa jina la Yesu kama alivyofundishwa misheni, ili pasibaki mlango ambao haukubishwa.

— Nenda. Radhi yangu unayo. Na ukigeuka langoni vile vile, rudi tu nyumbani. Nitakupikia.

— Haendi peke yake, akasema Kadhi, akainuka akishika mgongo. Twende sote.

Mtaa uliduwaa siku hiyo. Taruma la Magongo lilikuwa tupu mchana kweupe. Nyambura mbele na kashata yake, Kaviha na mama yake nyuma, kisha Kadhi na Gazeti, na Rama wa mwisho, makaa yakitoa moshi. Langoni askari aliwazuia.

— Wa kazi aingie. Wengine mwataka nini?

— Twaja kuuliza maana ya neno, akasema Gazeti.

— Neno gani?

Lakini ndani mashine ilikuwa inaanza. Chini chini kwanza, kama kitu kinachokuja. Kaviha alikuwa ameshavuka lango, na miguu yake ikasimama. Mdomo ukamkauka. Mbele yake Nyambura aligeuka, akamngojea, hakumvuta. Hatua chache tu za nyumba ya bati zilikuwa kati yake na uwanja wa nyuma, na hakuweza.

— Wewe Gazeti! Sauti ilitoka ng'ambo ya ua, kubwa kuliko bandari. Huyo Faki wako hakuwa Mpemba! Alikuwa Mtumbatu!

— Mpemba! Na toroli lake lilikuwa la chuma!

— La mbao! Bovu! Kama akili yako!

— Babangu alilipanda!

— Babako alipanda mnazi tu, na akaanguka!

Na juu ya yote sauti ya Rama, mtu asiyenena, ikisema fakiri, fakiri, wallahi ni fakiri. Kache naye akaingia, akiwaambia wote ni waongo. Kaviha akageuza sikio lililo hai upande wa ua. Akaanza kutembea. Walitembea naye kando ya seng'enge wakitukanana, nyumba ya bati ikinguruma upande wa pili, mpaka harufu ya makumbi mabichi ikampiga usoni na jua likawa juu ya kichwa chake tena. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mwanamume mmoja mzee alimpa ncha ya kamba bila salamu ndefu, akamwonyesha pa kukanyaga. Kaviha akaanza kurudi nyuma, akisokota.

Alasiri kengele ilipogongwa, alitoka akiwa amejaa nyuzi nyuzi kichwani. Mama yake alikuwa amekwenda kupika. Wale watatu walikuwa wameketi kando ya lango, chini kabisa, kwenye vumbi.

— Haya, akasema Kadhi. Sauti ilikuwa imemkauka, imebaki mnong'ono. Uliwauliza? Neno maana yake nini?

— Nilisahau.

— Alisahau! Gazeti akajishika kichwa. Siku nzima yuko ndani ya neno lenyewe, asahau kuliuliza!

Kaviha akachuchumaa mbele yao.

— Ahsanteni, wazee.

— Kwa lipi? Kadhi akanong'ona. Maana yenyewe hatukuipata.

Rama aliinamisha dele. Kikatoka kikombe kimoja, cha mwisho, kizito kwa mashapo. Akampa Kaviha, mwenye kazi. Kaviha akakipokea, akamtia Kadhi mkononi.

— Kunywa wewe, Mzee Rashid, sauti irudi. Kesho iko mashine.